Kitufe cha Kijivu

Nilipokuwa dereva wa familia moja Riyadh, niliamua kujifunza kusoma Kiarabu. Kukiongea nilikuwa nimeokota barabarani, lakini mabango niliyatambua kwa rangi tu. Nikapata programu ya simu iliyofundisha herufi, wiki ya kwanza bure. Iliomba namba ya simu na ya kadi ya benki. Nilijiuliza kitu cha bure kinatafuta nini kwenye kadi; nikaandika hivyo hivyo.

Kila jioni, nikimsubiri Baba, ndivyo tulivyomwita mwajiri, karibu na maduka ya Al-Dirah, nilisoma alifu, be, te ndani ya gari. Wiki ilipokaribia kwisha niliifuta programu kwenye simu. Niliamini nimeshaaga.

Siku chache baadaye nikahamia Jeddah kwa kafili mwingine, yaani mwajiri mdhamini. Laini ya simu ilikuwa ya Baba, kwa hiyo nilimrudishia pamoja na funguo za gari, kama tufanyavyo madereva wengi.

Mshahara wa kwanza wa Jeddah ulipoingia, ujumbe wa benki kwenye laini yangu mpya ulionyesha kwamba programu ile imekata pesa. Mwezi wa pili, vilevile. Hazikuwa nyingi, lakini zilipunguza fungu la dawa za presha za mama nyumbani Kenya, na dawa hizo hazimezwi nusunusu.

Mlinzi niliyeishi naye chumba kimoja, Mkenya mwenzangu, alicheka.

"Msomi wetu! Umeliwa na alifu."

"Lakini niliifuta."

"Umefuta picha, mzee. Duka bado liko wazi."

Fundi wa simu kule Sharafiya aliitafuta akaunti, akatikisa kichwa. Ili nijitoe, namba ya siri ingetumwa kwenye laini niliyojiandikishia. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Sote tumeonywa kwamba anayepiga simu kuomba namba ya siri ni mwizi, nami nilikuwa karibu kusema maneno yaleyale ya mwizi.

Fundi akaiomba namba ya siri, nami nikapiga namba yangu ya zamani. Akapokea Baba mwenyewe.

"Baba, ni mimi, dereva wako wa zamani. Kuna namba imeingia sasa hivi kwenye laini hii. Naomba unisomee."

"Haramia wote husema hivyo."

"Wallahi ni mimi."

Akanipima: "Mama yangu hukaa wapi garini?"

"Mbele, kiti kimesogezwa nyuma kabisa. Akikaa nyuma anasikia kichefuchefu. Na redio hataki."

Akaangua kicheko. "Huyu dereva mpya anamkalisha nyuma, kila siku ni vita! Yalla, andika."

Ukurasa ulifunguka, Kiarabu kitupu. Chini kulikuwa na vitufe viwili: kikubwa cha kijani, na kidogo cha kijivu ambacho nusura nisikione. Fundi akanyoosha kidole. Nikamwomba asubiri, nilitaka kujua kama wiki ile ilinifundisha chochote. Nilisoma herufi moja moja, yeye akihema kwa kukosa subira. Cha kijani kilisema nibaki. Cha kijivu kilianza kwa alifu, ikafuata lamu, kisha ghaini: kufuta.

Nikabonyeza cha kijivu.

"Halas, imekwisha," fundi akasema.

Sikumwamini mpaka mshahara uliofuata ulipoingia mzima na dawa za mama zikanunuliwa zote. Siku hizi nikiona neno bure, kabla ya kuandika chochote, natafuta kwanza kitufe cha kijivu kiko wapi. Mara nyingi sikipati.