Kifuniko cha Valvu Nilichokifanya Pambo

Nakumbuka asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa kumi, mwanangu, katika ile miaka ya sabini, nikiwa nimepiga magoti kando ya gurudumu la trekta kama mtu anayeungama dhambi. Na dhambi nilikuwa nayo, ila kuungama ndiko kulikuwa bado. Nilikuwa napiga pampu. Nilikuwa nimeipiga tangu jogoo wa kwanza, na jasho lililonitoka siku ile lingejaza bwawa, ng'ombe wanywe na watoto waogelee.

Ngoja kwanza nikueleze trekta lile lilitoka wapi. Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe. Mtu aliyekuwa na maksai sita alibaki na ngozi sita. Basi wakulima wa upande wetu, karibu na Matiliku, wakaungana, wakanunua trekta kuukuu, wakatafuta wa kuliendesha. Mimi Mutua nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, nikisoma kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi ndani kama bomba la moshi, na nilikuwa na cheti. Kijana mwenye cheti siku zile! Nilikitembeza kijijini mpaka mbuzi wakakizoea. Wakanipa usukani.

Kulima kulikuwa kwa zamu, boma moja siku moja. Wewe wajua kwetu Ukambani: mvua ya mwezi wa kumi na moja ndiyo mvua. Ikikukuta hujalima, utaitazama tu ikipita. Na karibu na mwisho wa orodha alikuwa Susu Kalondu. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Alikuwa mjane, analea wajukuu wanne, na maksai wake wawili walikuwa wamekufa hapo hapo mlangoni pake. Bila trekta hakuwa na njia nyingine.

Sasa tairi la nyuma, upande wa kulia, likaanza kuishiwa hewa. Halikupasuka, halikupiga kelele. Jioni naliacha limejaa, asubuhi nalikuta limebonyea kama andazi lililokaliwa. Ningemwambia mwenyekiti wetu siku ya kwanza, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimejigamba mbele ya kanisa zima, baada ya ibada, kwamba nalijua trekta lile kuliko waliolitengeneza. Mtu akishasema hivyo ataanzia wapi kusema kwamba tairi limemshinda? Nikaona heri pampu.

Kila alfajiri nikawa napiga pampu watu wakiwa wamelala. Jua likitoka nimeshachoka. Adhuhuri tairi limelegea, narudi kupiga tena. Boma la siku moja likawa la siku mbili, kisha la siku tatu. Watu wakiniuliza, najibu, "Udongo ni mgumu mwaka huu." Udongo wa watu, ambao haukuwa umemkosea mtu!

Wiki tatu zikapita hivyo. Mawingu upande wa milima ya Nunguni yakaanza kuwa mazito, na wale wa mwisho kwenye orodha wakaacha kunisalimia kwa furaha.

Ndipo asubuhi hiyo Susu Kalondu alipokuja. Alikuwa mama mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na sauti ambayo ungeisikia kutoka ng'ambo ya mto. Lakini siku hiyo alikuja kimya. Akasimama nyuma yangu, akanitazama muda mrefu bila mimi kujua.

"Mutua," akasema, "huu ndio ule udongo mgumu?"

Niliruka juu, karibu nifike Kitui.

"Susu! Habari ya asubuhi. Naongeza kidogo tu. Ni mambo ya sayansi. Hewa asubuhi hujikunja kwa sababu ya baridi."

"Asi! Na tairi hili la kushoto, lenyewe halisikii baridi?"

Nikageuka kulitazama la kushoto.

Susu akainama, akachomoa mpira wa pampu, akakusanya mate, akayatema pale kwenye mdomo wa valvu. Sasa, kwetu mzee akikutemea mate kidogo, anakubariki. Sisi wa kanisani tulisema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini sikumwona hata mmoja aliyethubutu kumkataza mzee. Nikajua Susu amehurumia trekta na sasa analiombea. Nikavua kofia. Nikafumba macho. Nikasema kwa sauti nzito, "Amina."

"Amina ya nini, wewe? Fumbua macho uone!"

Nikafumbua. Mate yale yalikuwa yanatoa vipovu vidogo vidogo. Kimoja kikipasuka, kingine kinachomoza.

"Tairi lenyewe halijatoboka," akasema. "Hewa inatokea hapa mlangoni. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alibeba maziwa kwa baiskeli miaka kumi na miwili. Unafikiri nani alikuwa anamtengenezea? Yeye? Yeye alikuwa anajua kupanda na kushuka. Sasa niambie, kifuniko cha hapa kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Kifuniko kilikuwa mfukoni mwangu. Kilikuwa cha chuma, kinang'aa, kina pembe mbili ndogo juu, na niliona ni kizuri mno kukaa kwenye matope. Nilikuwa nimekifunga kwenye kamba ya funguo zangu ili nikipita kanisani kilie, na wasichana wa kwaya wajue dereva amepita. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeacha mdomo wa valvu wazi kwa vumbi, na kila nikipiga pampu nalisukuma vumbi hilo ndani kwa nguvu zangu zote.

Na kuna ubaya zaidi ya huo. Zile pembe mbili ndizo spana ya kufungulia na kukazia ile sindano ndogo ya ndani ya valvu, inayozuia hewa isitoke. Fundi aliyetukabidhi trekta alinieleza jambo hilo siku ya kwanza. Lakini nilikuwa najitazama kwenye kioo wakati huo.

Tukaweka gogo na mawe chini ya ekseli ili trekta lisilale. Nikaingiza pembe za kifuniko, nikazungusha, sindano ikatoka na hewa ikanipiga usoni kama kofi. Sindano yenyewe ni kitu kidogo, unaweza kuimeza ukidhani ni punje ya mahindi. Raba yake ndogo ilikuwa imeshika mchanga mwekundu. Nikaiosha kwa maji yangu ya kunywa, nikafuta mdomo wa valvu kwa pindo la shati, nikairudisha, nikaikaza taratibu, nikajaza tairi.

"Haya, tema sasa wewe," akasema Susu.

Mdomo wangu ulikuwa umekauka kwa aibu, hata tone halikupatikana. Ikabidi anisaidie yeye, huku akicheka mpaka akashika mbavu. Tukangoja. Hakuna kipovu. Nikakirudisha kifuniko mahali pake.

Nikafurahi kupita kiasi. "Susu, panda hapa juu. Leo nakwenda kukulimia wewe."

Akaacha kucheka. "Leo ni zamu ya nani?"

"Ya kina Mbithe. Lakini Susu, mvua hiyo."

"Mvua naiona, nina macho. Nenda kwa kina Mbithe. Na kabla hujafika kwao, pitia kwa mwenyekiti umwambie ulichotufanyia. Umetudanganya wiki tatu, sasa unataka na mimi niingie humo ndani pamoja nawe?"

Akajifunga leso yake vizuri, akaenda zake.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole ndio wanaoumiza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Huko ngumbaru hawakuwafundisha kusema ukweli?" Kisha akasema, "Kalime."

Kwa kina Mbithe nilimaliza siku hiyo hiyo. Siku iliyofuata, jua halijachomoza, nilikuwa kwa Susu. Nililima kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Saa tisa mchana ikaja mvua, matone kama mayai ya kuku, na trekta likazama kwenye matope mpaka tumboni. Theluthi moja ya shamba ilikuwa bado.

Theluthi hiyo tuliilima kwa majembe, mvua ilipotupa nafasi. Akina mama wa mwethya, wale wanaosaidiana kazi za shamba kwa zamu, walikuja, na mimi dereva mwenye cheti nikapanga mstari katikati yao. Wakanitungia wimbo. Maneno yake sitakuandikia, nina wajukuu wanaosoma.

Lakini tulichelewa. Mvua ilikatika mapema, na ndengu za upande ule hazikujaza maganda. Mwezi wa pili nilimkuta Susu akichuma huko, ganda moja hapa, lingine kule, wajukuu wakimfuata nyuma. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Njoo ushike kikapu." Nikakishika mpaka jioni. Kikapu hakikujaa.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu. Ukiona kitu kinavuja, iwe ni gurudumu, iwe ni kazi, iwe ni nyumba yako, usikijaze kila asubuhi kwa siri na kukiita kizima. Tafuta kinapovujia, na uanze na mahali padogo palipo karibu na mkono wako. Ukishindwa, sema mapema, kabla mtu wa mwisho kwenye orodha hajalipia aibu yako kwa chakula cha watoto wake. Uliza hata yule usiyemdhania kuwa anajua. Na ukishasema kosa lako, usidhani limekwisha. Bado kuna jembe la kushika.

Mungu akupe mikono isiyoogopa vumbi, na mdomo mwepesi wa kusema "nimekosea." Mvua ikukute umeshapanda. Na wote wanaongoja zamu yao kwako, wakuone ukija mapema.