Risasi ya Fundi Redio

Fundi redio wa mtaa wetu tulimwita Antena, kwanza kwa urefu, pili kwa sababu alinasa kila ugomvi hata usiomhusu. Mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Lakini mkono wake wa kulia, jamani! Mafundi nimewaona wengi, na jicho langu halidanganyiki, ila mwingine wa kuunga nyaya nyembamba kama nywele za kichanga huku anakutukana, huyo bado. Mke na watoto walikula kwa vidole vile.

Sasa, mafundi wa kazi ile wana waya laini wanaouyeyusha kwa pasi ya moto ili kuungia vyuma. Wanauita risasi. Antena alikuwa amelitamka neno hilo tangu ndevu hazijaota, hata akasahau kwamba duniani kuna risasi nyingine.

Asubuhi moja alitoka kununua risasi, mfuko wa suruali umetuna. Jana yake benki ya pale kwenye kona ilikuwa imevamiwa, kwa hiyo aliwakuta barazani pake askari wawili hawataki mzaha: koplo mwenye rungu, na mwenzake mgeni aliyekumbatia bunduki kana kwamba ataporwa.

"Wewe mrefu, simama," koplo alisema. "Mfukoni una nini?"

Mtu mwenye akili zake angesema waya. Antena, aliyechukia kuulizwa, akajibu kwa dharau, "Risasi. Ulitaka nibebe pipi?"

Na mkono ukaenda mfukoni, aitoe amwaibishe.

Yule mgeni akaruka nyuma, mdomo wa bunduki ukamwelekea Antena kifuani. Koplo naye akashusha rungu juu ya vidole. Antena akaanguka, ameutandaza mkono kwenye sakafu ya baraza, na rungu likashuka tena palepale. La kwanza tuseme woga. La pili nyie liiteni mnavyotaka.

Kibunda cha waya kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha koplo. Akakiokota, akakigeuzageuza.

"Hii ni nini?"

"Risasi," Antena alisema, shavu liko chini. "Si nimekwambia?"

Pole hakupewa. Alipewa pingu.

Kituoni mkuu wa kituo, mama mmoja wa sauti ya upole, alimtazama kwa juu ya miwani. "Koplo aliona hatari. Kubali tu kwamba ulimtishia, tuyamalize, uende hospitali. Ukikataa, utalala ndani."

Mkono ulikuwa umevimba kama glavu iliyojazwa maji. Mke wake, aliyekuja mbio na kandambili zisizofanana, akamsogelea. "Baba watoto, sema tu. Mdomo wako umeshasema mangapi ya kijinga? Ongeza hili moja, tuwahi daktari."

"Nimtishie kwa kipi?" Antena alimgeukia mkuu. "Wao walikuwa na bunduki na rungu, wakaogopa, wakanipiga. Mimi niliogopa kuliko wao. Nimempiga nani?"

"Usinifundishe kazi."

"Basi tafuta wa kukufundisha."

Akalala ndani.

Kesho yake walimwachia bila neno. Daktari akaukunja mkono huku na huku, akauliza kwa nini hawakuja jana. Mke akamtazama mumewe. "Umeshinda," alimwambia. "Haya, kapike ushindi wako, wanao wale."

Vidole vinne vilirudi kazini, kwa kusuasua. Cha shahada kiligoma. Hakikunjiki. Kimenyooka kama msumari, na kazi ya saa moja sasa inamla asubuhi nzima. Akisalimia, anaonyesha. Akikuna kichwa, anaonyesha. Wateja wengine wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, kiazi mmoja asiyejua hata kufunga parafujo.

Wiki iliyopita alipita pale benki. Koplo alikuwepo.

"Mzee, unaninyooshea kidole?"

"Ulikinyoosha mwenyewe, afande."

"Kikunje."

Antena akausogeza mkono mpaka karibu na vifungo vya shati la koplo. "Kikunje wewe, uone kama kinakunjika."

Foleni nzima ya benki ikageuka. Koplo akatazama kile kidole, akalishika rungu lake kiunoni.

Antena hakuurudisha mkono.