Utungo wa Vidole Vitatu

Mjini Padova, Menega alisifika kwa masikio yake. Alikuwa akinakili muziki wa udi kwa wanafunzi wa chuo, na kwa miaka ishirini tungo nyingi zilipita mikononi mwake, zenye jina na zisizo na jina. Umpigie kipande kidogo tu, angekutajia aliyekitunga.

Baada ya Pasaka, Bwana Lunardo, tajiri aliyemzika Tadio, mume wa Menega, na kuondoka na makaratasi ya marehemu, akamwita Menega awachangamshe wageni. Wakampigia tungo kumi bila kutaja majina. Zote akazipatia. Wakawa wanamrushia lozi za sukari kama wanavyomrushia nyani.

"Haya, na huu?" Lunardo akauchukua udi mwenyewe.

Menega akaganda. Utungo ule aliusikia ukizaliwa jikoni kwake, majira ya baridi ya mwisho ya Tadio.

"Huo ni wa marehemu mume wangu, bwana."

"Mama, umechoka. Huu nimetunga mimi, unakwenda Venezia kupigwa chapa."

"Tadio hakuwa na kidole kidogo mkono wa kushoto, kilikwenda na shoka; nyuzi alizibana kwa vitatu tu. Upige tena, bwana. Kidole chako hicho kikigusa uzi hata mara moja, niite mwongo."

Mwanafunzi mmoja wa sheria, Gaspare, akaangua kicheko. "Kweli, Lunardo! Ulipokuwa ukipiga, chako muda wote kililala tu!"

Lunardo naye akacheka. Akamgeukia mtumishi wake. "Mshike mkono. Ule wa kuandikia."

Wageni walidhani mchezo unaendelea. Wengine walikuwa bado wanacheka wakati kidole cha Menega kilipovunjika.

Hakushika kalamu tena. Akawa anawafulia wanafunzi kola zao.

Mwaka uliofuata Gaspare akamletea kitabu kutoka Venezia. "Mpiga chapa aliogopa maneno ya watu. Tazama, jina la Lunardo halipo!"

"Na la Tadio?"

"Wameandika mtunzi hajulikani."

Menega akakipangusa mezani kwa aproni, akakifungua kwenye ukurasa wa utungo ule. "Mwanangu, mimi siwezi. Niandikie wewe, hapo juu. Tadio. Herufi tano tu."

Gaspare akautazama mlango, kisha akakifunga kitabu taratibu.

"Nimeazima, mama," akasema. "Na kola zangu ziko tayari?"