Hamira Iliyokosa Hewa

Dada yangu Kreszenz hajawahi kufundisha darasa lolote. Kwa miaka ishirini na sita aliosha chupa za maabara huko mjini Regensburg, kwa watu wanaochunguza hamira, na masikio yake hayakuwa likizoni. Ukimwuliza jambo anajibu kabla hujamaliza, na kinachoudhi ni kwamba hupatia.

Mimi ni fundi bomba. Balaa lenyewe nililileta mimi, bora niseme mapema.

Hapa kwetu jiko la kupikia bia ni la kijiji kizima. Ukipata zamu unapika pale, unapeleka maji ya kimea nyumbani, unayatia hamira pishini, na bia ikiiva unatundika nje nyota ya mbao, alama ya kuwaita watu waje wanywe. Tangu enzi za babu, nyota yetu haijakosa zamu. Baba aliyabeba maji yale kwa mkokoteni wenye pipa wazi, yakirukaruka na kumwagika njia nzima, na majirani wakicheka. Mimi niliona aibu. Mwaka huu nikalaza bomba kutoka jikoni hadi pishini, likajaza tangi kutoka chini bila tone kupotea wala kiputo kuonekana.

Zamu mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu, kwa hamira ileile tuliyoikusanya kutoka zamu zilizotangulia, povu lililala siku ya sita na bia ikabaki tamu kama uji. Zilibaki wiki tano tutundike nyota.

"Hamira imekufa," nikasema. "Tuombe zamu isogezwe."

"Haijafa. Kwa bomba lako umeinyima pumzi."

"Hamira haihitaji hewa kutengeneza pombe. Hata mimi najua hilo."

"Kutengeneza pombe, haihitaji. Kujenga ngozi yake, inahitaji. Ngozi ya kila seli ina mafuta yanaitwa steroli, na bila hewa haiwezi kuyatengeneza. Mwanzoni inavuta hewa, inaweka akiba, halafu inazaa. Mama mwenye blanketi moja anawakatia watoto, watoto wanawakatia wajukuu. Mwisho mtu anabaki na kitambaa cha pua, na pombe ndiyo hiyo inapanda kumchoma."

"Kwa hiyo baba alijua hayo yote?"

"Baba alijua kumwaga."

Nikataka kulikoroga tangi zima. "Liguse uone," akasema. "Bia iliyokwisha kuanza, hewa inaichakaza."

Akaenda kwa Schraml, jirani aliyekuwa akipika siku hiyo, kuomba ndoo moja ya maji ya kimea. "Fundi bomba kakaukiwa?" Schraml akauliza. Kreszenz akamjibu kwamba fundi yupo, ila sasa atafanya kazi ya mikono.

Alitia hamira yetu kidogo ndooni, akanipa kipigio cha mayai.

"Piga mpaka nikuambie."

"Mkono umekufa, dada."

"Utafufuka. Piga."

Asubuhi ndoo ilikuwa imefurika povu. Akaimimina tangini polepole, kama anayemlaza mtoto. Siku ya tatu tangi lilikuwa linakoroma, na baada ya wiki utamu wote ulikuwa umeliwa. Nilifurahi mno, na sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Nyota ilitoka siku yake. Schraml alikuwa wa kwanza kufika, akaitazama, kisha akautazama mlingoti uliokuwa ukiishikilia.

"Korbinian, hili si lile bomba lako?"

"Ndilo," nikasema. "Dada alishika, mimi nikakata."