Mawese kwenye mlango wa kamionete

Juzi, hapa Baraka, nilimwona fundi akisugua kutu kwenye gari kuukuu, kisha akafuta bati kwa esansi, yaani petroli, kabla ya kulipaka rangi. Harufu ile ilinirudisha nyuma ya nyumba yetu, alasiri moja ya utotoni, papa, baba yangu, alipousugua kwa msasa mlango wa kamionete aliyobebea samaki wadogo wa ndagala kutoka Lweba. Krr, krr, mpaka bati likabaki tupu. Mimi niliona ameichuna ngozi. Alipoingia ndani kula, nilifanya kama mama alivyofanya kila nilipochubuka goti: nilichota mawese, nikapakaa vizuri sehemu ya chini, mkono wangu ulipofika.

Papa akarudi na kopo la rangi. Kila alipopitisha brashi hapo chini, rangi iliteleza.

“Nani amepakaa mawese ku gari?”

“Ni mi, papa. Ilikuwa na kidonda.”

Akaweka brashi chini. “Basi hapo ni pako. Kila siku ya Mungu, mbele ya kwenda kanisa, utapakaa.”

Sikukosa Jumapili hata moja. Leo najua rangi haishiki kwenye mafuta. Lakini kutu ilirudi mlango mzima, chini ya rangi ya papa. Pale pangu, penye mawese, haikupagusa kamwe.