Fundi Apolinary afungua tena mabomba ya mvua aliyoyafunga

Saa moja asubuhi, mjini Musoma, Apolinary Magesa yuko juu ya mnara wa mbao nyuma ya nyumba ya wageni ya vyumba tisa, anakaza nati ya mwisho ya tangi. Chini, mwenye nyumba, Mama Hyasinta, anauliza kwa mara ya tatu kama mbao zitahimili.

"Zitahimili, mama. Tangi likikaa chini maji yanatoka kama machozi," anajibu fundi huyo wa miaka 49, mzaliwa wa Kiriba. "Tumelipandisha mita nne. Pampu ikilijaza, yatashuka kwa nguvu yenyewe."

Mabomba ya mvua ya kuogea ya hapa aliyafunga yeye, yakiwa mapya, mwaka 1974. Anawakumbuka walimu wa semina walioimba bafuni mpaka wapishi wakaitikia jikoni.

"Nilikuwaga napita dirishani makusudi, nisikie maji yanavyopiga sakafu," anasema.

Kisha hali ikawa ngumu. Mwaka 1982 pampu iliharibika. Spea hazikupatikana Musoma wala Mwanza. Kutu ikala mabomba. Mkewe, Dafroza, mhudumu wa hapo, akaanza kuteka maji ziwani, ndoo thelathini kwa siku. Aliteka miaka minne, hadi mgongo ukamshinda.

Hata hivyo, miaka ile Apolinary anaikumbuka kwa upole. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, kila mgeni kipande chake, na watu wa Bunda na Butiama wakajuana wakisubiri ndoo. "Hatukuwa na kitu, lakini tulikuwaga tunaongea."

Sasa, mwaka 1992, maduka yamejaa na spea za pampu zimepatikana. Ameng'oa mabomba yaliyoziba, ameweka ya plastiki, mapana zaidi, na kuzibua vitundu vya mvua kwa sindano.

Pampu inapolijaza tangi, mgeni mmoja anakuja na taulo begani. Apolinary anamwomba asubiri, kisha anamgeukia mkewe, aliyeitwa tangu asubuhi bila kuambiwa sababu.

"Mama Esta, ingia wewe kwanza."

"Mimi? Mimi si mgeni."

"Umeyabeba kichwani miaka minne, hujayaogea hata siku moja. Ingia."

Mlango unafungwa. Kisha maji yanaanguka kwa kishindo.

"Baba Esta! Yananichapa!" Dafroza anapiga kelele, akicheka.

Apolinary anageukia ukuta, anajifuta uso kwa mkono wenye grisi.

Baada ya mavuno anataka kujenga mnara kama huu kwenye zahanati ya kijijini kwao, ambako wajawazito bado wanakwenda na maji yao.

"Mbao nimeshaanza kukusanya," anasema. "Mwanamke mwenye uchungu asibebe ndoo."