Nchi Isiyo na Bahari

Harufu ya majani ya migomba, katika duka moja pale Sparkhill, huku ugenini tulikohamia, imenirudisha darasani. Mwalimu alinisimamisha mbele ya ramani niwaeleze wenzangu habari za Uganda. Nikasema nchi yetu haina bahari, ila ina ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani, na udongo mwekundu unaong'ang'ania soksi, na matoke yanayopikwa ndani ya majani.

"Kama ni kuzuri hivyo, mbona nyinyi Wahindi mlifukuzwa?" akauliza. Darasa zima likacheka.

Jioni baba, mikono ikinuka grisi ya kiwandani, akataka nimrudilie nilichosema. Nilipotamka "nchi yetu" akanizaba kofi.

"Nchi ya nani?"

"Yao, baba."

"Haya, endelea."

"Haina bahari," nikasema.